Baiskeli na Mama Mkwe

Mwangaluka, mjukuu wangu Kulwa. Huku Ngulyati tu wazima, na bibi yako anakusalimu.

Umeuliza kama baiskeli itakuokolea nauli ya kazini. Itaokoa. Soko huria lilipoleta viwanda vya pamba vya watu binafsi, nilipata kazi Bariadi, nikanunua yangu. Asubuhi moja nikamkuta mama mkwe njiani, anapeleka kuku sokoni. Kwetu mkwe habebwi kwenye keria, na kumpita ni aibu. Nikashuka, nikafunga tenga lake la kuku kwenye keria ili nimsukumie.

“Hivyo tutachelewa,” akasema. Akashika usukani, akapanda, akatokomea na kuku wake.

Nilifika kiwandani kwa miguu, nimechelewa. Bosi alifoka, “Baiskeli iko wapi?”

“Anayo mama mkwe.”

Hasira zikamwisha. “Pole. Wangu alichukua pikipiki.”

Nunua, mjukuu wangu, ila ukioa, uliza kwanza wakwe wanakaa barabara gani.

Babu yako