Mama, Nimeshika Darasa Lako la Sauti Fupi

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia.

Baba hajarudi machimboni Kharumwa tangu tukuzike. Anashinda uani hapa Nyahanga, anafagia palipokwisha kufagiliwa. Kitanda chako tulikitoa kikapigwa jua, tukakirudisha palepale. Hakuna anayekilalia.

Mwalimu mkuu ameniomba nishike darasa lako la Kiingereza, la wale wadogo. Nilikubali kwa sababu sauti zile nilizijua kabla sijaanza shule. Ulikuwa unanifundisha huku unachambua mchele: pan, pen, pin. Ulinikataza kusema "peni", nisiongeze kitu mwishoni. Na ile i ya pin nisiivute, iwe fupi, niitoe kama kwenye Kisukuma cha bibi, katikati ya i na e. Nacheka, nawe unacheka, mchele unamwagika.

Kisha kiharusi kikakunyang'anya maneno yote. Wewe, Mama. Mwalimu Kabula. Ukawa huwezi hata kuniita Minza. Hospitalini walisema tukuzoeze kuongea kidogo kidogo, nami nikachukua kadi zako za picha, nikaanza na maneno ya Kiingereza uliyofundisha maisha yako yote. Kila asubuhi nilikuonyesha kikombe, kofia, kitanda. Mdomo unatetemeka, inatoka pumzi tu. Ulikuwa unageukia ukutani nisione machozi. Niliyaona, Mama.

Asubuhi moja nilikuwa nimechoka. Nikainua picha ya kalamu, nikasema "peeen", nikaivuta kivivu. Ukanipiga kofi mkononi kwa ule mkono mzima, ukasema, "Fupi."

Neno zima! Baba alicheka mpaka akaenda nyuma ya nyumba, na huko nikamsikia analia.

Nilidhani tumekurudisha. Ukapata "maji", ukapata "njoo", ukalipata na jina langu. Halafu kiharusi cha pili kikaja, Jumapili, tunajiandaa kwenda kanisani. Wodini ulinishika kidole. Nilisubiri neno, Mama. Niliinamisha sikio mdomoni kwako mpaka nesi akaja kuniondoa.

Wiki hii niliandika ubaoni "cup" na "cap". Watoto wakazisoma, wakazitofautisha vizuri, ungefurahi. Holo, yule binti mdogo anayekaa dirishani, akanyoosha mkono. Nikadhani hajaelewa somo. Akauliza, "Mwalimu, huko aliko Mwalimu Kabula, anaongea?"

Nilitoka nje. Niliwaacha peke yao, nikasimama nyuma ya darasa nikiuma upande wa kitenge changu.

Baba ananiita tule, ngoja niende, maana nisipokula naye, yeye hali. Pumzika, Mama yangu. Kesho nitaingia darasani, nitachuchumaa karibu na Holo, nimwambie kweli kwamba sijui, na kwamba mimi pia nauliza kila siku. Akiniona nalia, na anione. Sitatoka nje tena.

Mwanao,
Minza