Nani Alipigwa Mionzi?

Kwa fundi Teodori,
Kizwite,
Sumbawanga.
16 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Winifrida,

Kabla ya salamu, pokea tangazo rasmi. Ukoo wote, walio Ufipa na walio ng'ambo, unajulishwa kwamba tangu Jumanne iliyopita mimi, baba yako mdogo, fundi cherehani kwa mwaka wa ishirini na sita sasa, ninavaa miwani. Fremu ni ya zambarau, maana ndiyo iliyobaki. Mama yako mdogo Anjela alipoiona alikaa chini kwanza, ndipo akacheka. Sababu za uamuzi huu mzito utazikuta huko mwisho.

Shikamoo yako nimeisikia, marahaba. Hujambo huko? Unakula? Nasikia mwezi huu jua la Finland halizami. La kwetu linazama vizuri tu, na hata likiwa juu halina kazi. Baridi imetushika hasa. Asubuhi nashona nimevaa koti la mteja, naye asijue. Wote tu wazima. Baba yako bado yuko Laela kwenye kununua mahindi.

Sasa lile jambo. Najua wiki zile mbili zilikutesa. Mama yako anakupigia analia, anakuambia rudi nyumbani, hasemi kwa nini. Nawe ukadhani yeye ndiye anayeumwa, ukataka kuomba ruhusa na kuiacha zamu yako ya mwisho kwenye ile mashine ya chuoni, ambayo ukiikosa unangoja mwaka mwingine. Acha nikueleze ya huku.

Mama yako aliamini mgonjwa ni wewe. Ujumbe wako ulikuja kwenye simu yangu, kwa kuwa kitochi chake hakipokei mambo hayo, nikamsomea nikiwa kwenye cherehani: "Ba'mdogo, mwambie mama leo nimepigwa mionzi kwa saa nane mfululizo. Nimechoka, ila namshukuru Mungu." Na unajua mionzi kwetu ni kitu gani. Ni ile ambayo mtu husafirishwa mbali akapigwe, na majirani huanza kuongea naye kwa upole. Mama yako, shemeji Albina, hakuuliza neno. Alichukua kitenge alichokuwa ameniletea nikipinde, akaenda moja kwa moja kwa mama Bertila, mwenyekiti wa jumuiya. Jioni hiyo hiyo wakaanza novena. Jumapili jina lako likasomwa kanisani kati ya wagonjwa, baada ya mzee mmoja aliyevunjika nyonga. Mama yako akakataza mtu yeyote kukudadisi, eti mgonjwa hachokozwi.

Uliponipigia ndipo nikajua kwamba kinachopigwa ni dhahabu. Ulinieleza karibu saa nzima, nikaandika nyuma ya kalenda, nikaenda kwa mama yako nikiwa msomi kamili. Nikamwambia: Winifrida ana kioo, chekundu kwa sababu ndani yake kuna vidonge vya dhahabu, duara kama punje za ulezi, ila vidogo hivi kwamba ukivipanga elfu nne kwa mstari havizidi unene wa unywele. Anavipiga kwa ayoni, yaani atomi iliyopokonywa elektroni zake na kurushwa kwa kasi ya kutisha. Inapopita, kwa muda usiofika hata kupepesa jicho, dhahabu inayeyuka na kioo kinalegea, dhahabu inajisukuma kufuata njia ya ayoni, kisha vyote vinapoa. Pigo moja halitoshi. Yakija maelfu, yote kutoka upande mmoja, duara linageuka kijiti.

Mama yako akasema nimetumwa kumfariji.

Ikabidi aone kwa macho. Alikuwa na kiporo cha ugali wa ulezi. Nikafukia donge la siagi katikati, nikalichoma na ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Tukakata kwa uzi. Donge lilikuwa vile vile, na matundu kama limeliwa na funza. Shemeji akaniuliza kama hiyo ndiyo elimu ya Finland. Kisha yeye mwenyewe akasonga ugali mpya, akatia siagi kidogo kama punje ya harage, akachoma ungali unatoa moshi, kutoka juu kwenda chini, tena na tena, mimi nikipuliza kidole nilichokiunguza. Tulipokata, ile njano ilikuwa imerefuka kufuata sindano. Nikamwonyesha pia siagi tupu kwenye sahani ya moto: ilitapakaa tu. Ndivyo ulivyosema, bila kioo kuibana, dhahabu hairefuki.

Aliutazama ule mstari wa njano muda mrefu. "Kwa hiyo anayechomwa ni dhahabu," akasema, "na mwenye sindano ni mwanangu."

Nikamwambia ndiyo. Basi anasema usirudi sasa, maliza zamu yako. Ule ugali tuliula. Elimu yako ina ladha nzuri.

Anjela anakusalimu, na mama Bertila, ambaye amekutoa kwenye orodha ya wagonjwa na kukuhamishia kwenye ya wanafunzi. Wajukuu wa jirani yetu bibi Dominika wanataka picha ya hicho kioo chekundu. Unga wa ulezi umo kwenye kifurushi, chini ya barua hii.

Sasa ukweli. Mama yako nilimwambia kwamba simu ndiyo iliyobadilisha maneno, siku hizi zinajiandikia zenyewe, na jumuiya nzima ikaonywa. Winifrida, uliandika "nimepiga". Ujumbe wako ulikuwa sawa. Miaka miwili sasa Anjela ndiye anayenitungia uzi sindanoni, nami kwa aibu naficha wateja wasijue. Siku ile niliishika simu mbali mkono ulipoishia, nikaona nusu ya neno, nusu nyingine nikakisia. Ile w niliishona mimi.

Jumanne nilinunua miwani, nikausoma upya ujumbe wako, nikaenda kumwambia mama yako ukweli. Akasema, "Shemeji, wiki mbili nilikuwa namzika mwanangu kila siku." Akaniambia nimsomee tena ule ujumbe. Nikavaa miwani, nikamsomea: leo nimepiga mionzi. Akasema nirudie. Nikarudia mara tatu, na ya tatu akawa anausema pamoja nami.

Nisamehe, mwanangu. Mungu aushike mkono wako usitetemeke siku ya zamu.

Wako akupendaye, na sasa akuonaye,
Ba'mdogo Teodori