Sidii ya Harusi na Sekunde Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe kaiweka tena sidii ya harusi. Harusi ya mume wangu — na yule wa kwanza, si mimi! Sauti juu, mtoto ndiyo kwanza kasinzia. Nikaomba apunguze. Akasema kwake hapangiwi. Halafu anarudisha nyuma palepale, kwenye kucheza. Kila siku palepale. Bi harusi anazunguka, gauni linafagia sakafu. Ujumbe umefika, Mama.

Jumatano, 6 Machi
Maikrowevu imetoa cheche — paa! paa! Ndani kuna chai ya mama mkwe, kwenye kikombe chenye ukingo wa dhahabu. Lawama kwangu: eti nimeiharibu kwa uji wa mtoto. Fundi alipokuja akaikuta nzima, akaonyesha ukingo wa kikombe ulivyoungua. Madini membamba kama utando ndiyo mabaya, akasema. Umeme unayajaa, unakosa pa kwenda, unaruka. Kijiko kinene huenda kikapona. Sidii je, nikauliza. Akacheka: ile ina utando ndani, sekunde tatu tu kwisha habari yake. Mama mkwe kanuna. Radhi sijaombwa.

Alhamisi, 7 Machi
Usingizi wa saa mbili tu. Sidii mara nne.

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi, mama mkwe mbele ya jirani: "Yule alijua kujiweka. Huyu hata nywele hachani." Nichane saa ngapi? Wakaenda sokoni.

Nikaichomoa ile sidii. Nikaiweka maikrowevu, na glasi ya maji pembeni. Moja, mbili, tatu. Vimulimuli vya radi, harufu ya plastiki, nyufa kama tope lililokauka. Binti yangu akapiga makofi. Nikacheka — mara ya kwanza wiki hii.

Kisha mume akapiga simu kutoka kazini. Nimvumilie mama yake leo, ndiyo tarehe aliyofariki baba. Baba mkwe sikumkuta. Sura yake naijua ya kitambulisho tu. Akasema nimwache aangalie harusi atakavyo. "Baba yumo mle, anacheza nyuma ya bi harusi. Hatuna picha nyingine anamotembea."

Palepale. Kila siku palepale.

Naandika hapa mezani jikoni, sidii mfukoni, bado ina joto. Mlango umelia. Mama mkwe kaingia, kavua viatu. Ananiita sebuleni, kwa sauti ya chini, wala si ya ugomvi: "Njoo uniwashie, mwanangu."

Binti yangu ndiye aliyekwenda. Nawasikia wanakuja — kamshika bibi yake kidole, anamvuta huku jikoni.

"Paa," anamwambia. "Bibi, paa."