Jiwe la Ukuta wa Zizi

Drumlaw, Galloway
Machi 9

Kaka Lachlan,

Mimi ni mzima. Kondoo wameanza kuzaa huku mvua ikiwanyeshea, na yule ng'ombe mwekundu ameacha kutoa maziwa.

Gazeti lenye picha yako limefika. Umesimama kando ya jiwe lililochongwa miduara na watu wa kale, na wameandika kwamba wewe, profesa, ndiye uliyeligundua katika ukuta wa zizi letu. Bibi Rankin wa posta alinisomea, kisha akaniuliza, "Effie, si ndilo lile baba yako alilokuwa akitundika hatamu juu yake?" Nikamwambia ndilo.

Unajua vizuri nani alikuonyesha. Tulipokuwa wadogo Baba alituinua mmoja mmoja tupitishe vidole kwenye miduara ile, akatuambia babu yake alilijenga pale kwa sababu hakuwa na moyo wa kulivunja. Ungeweza kuwatajia watu wa gazeti habari za Baba, walau jina.

Alipofariki Novemba ulisema una kazi nyingi, tukamzika bila wewe. Januari ulikuja na winchi na watu sita. Mlichukua jiwe mkaacha pengo, upepo ukawa unawapiga ng'ombe.

Juzi nikiziba pengo hilo nilikuta jiwe jingine, lina miduara mingi zaidi. Nimelirudisha ndani nikalipiga lipu. Ukija, kaburi la Baba liko nyuma ya kanisa. Zizini kwangu hutakanyaga tena.

Dada yako,
Effie