Shoti ya Babu

3 Machi

Kaka,

Habari za huko? Wifi na watoto hawajambo? Mimi mzima, nakula, nalala, nimerudi kwenye cherehani yangu. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Kumbe ni wewe uliyetia sahihi nipitishwe umeme kichwani! Daktari ndiye aliyeniambia, tena huku akikusifu. Wewe fundi umeme, usiyegusa hata balbu kabla ya kuzima swichi kuu! Au ulidhani ni ile mashine ya babu? Watu wanashika vyuma viwili, yeye anazungusha mkono wa mashine, wanaruka na kucheka, eti baridi yabisi imetoka magotini. Mimi si goti, kaka.

Nimepona, sikatai. Lakini siku za mwisho za mama sizikumbuki. Hata mazishi yake nasimuliwa na majirani. Wanasema aliniita chumbani peke yangu, mlango ukafungwa. Aliniambia nini? Nijibu upesi. Nina hasira nawe mpaka sindano inanichoma.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Sisi wazima, wifi yako anakusalimu, watoto wanamuulizia shangazi yao.

Usinifokee. Baada ya mazishi uligeukia ukuta, hata maji hunywi, unasema unamfuata mama. Ningefanyaje, nisubiri kuzika tena? Ndiyo, nilimfikiria babu. Nyumbani kwetu shoti ilikuwa dawa na mzaha, basi nikatia sahihi bila kuuliza itaondoka na nini. Hapo nilikosea. Ila walikulaza usingizi kwanza, hukuumia.

Ya mama unaniuliza mimi? Siku ile ulipotoka chumbani nilikuuliza alichosema. Ulikuwa umenikasirikia kwa kuchelewa kufika. Ukanijibu, "Nitakwambia hasira zikiniisha." Nikakubembeleza hadi kaburini, ukaninyima. Alikuwa mama yangu pia! Mchoyo mkubwa wewe.

Kaka yako

29 Mei

Kaka,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo.

Barua yako niliichana. Kesho yake nikaiokota, nikaishona kwa cherehani, nikaisoma tena.

Si ungenidanganya tu! Ungesema aliniagiza nikutunze, ningeamini, na ningekutunza, mjinga wewe. Sasa mimi nilikunyima, wewe ukaniondolea. Urithi tumegawana sawasawa.

Wifi ameniandikia kwamba unaniombea moyo wangu upoe. Mwambie huyo mume wake aache. Hasira zikiniisha utakuja kudai ahadi niliyokupa, na mimi sina cha kukupa.

Dada yako