Gari la Mikate Limekosa Neno Moja

Mama Sieni mpendwa, nisaidie kabla ya Jumapili maana nimejifunga mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa kisiwani Savaii, nina miaka thelathini na tisa, shangazi zangu walishakata tamaa ya kuniona harusini, na sasa nimempata Peniamina, mjane, mwoka mikate, mtu mpole ambaye kila asubuhi huniletea mkate wa tui la nazi ukiwa bado wa moto, nami nina furaha hata naona haya kuisema. Wiki iliyopita alinunua gari la kusambazia mikate, akaandika ubavuni kwa rangi nyekundu: FUATINO, MOST BEAUTIFUL TEACHER IN SAVAII. Nililia kwa furaha, kisha nikaona hakuna “the”.

Mama, ndilo somo nililokuwa nafundisha mwezi mzima, kwamba ukisema mtu amewapita wenzake wote lazima “the” itangulie, the tallest, the best, na waliosahau niliwakata alama. Gari lilipopita shuleni, binti mmoja, Vaimoana, akanyoosha mkono. “Mwalimu, na lile gari tulikate alama ngapi?” Nikamjibu gari halifanyi mtihani, darasa likaangua kicheko.

Jioni Peniamina akaniuliza, “Fua, mama yake Vaimoana kaniambia sokoni kuna neno limerukwa. Kweli?” Nikamwangalia. Aliacha shule mapema kwa sababu mwalimu alimsimamisha mbele ya wenzake akisoma Kiingereza chake kibovu huku wote wakicheka, akaapa hatakigusa tena, na amekigusa kwa ajili yangu. Nikasema, “Liko sawa kabisa.” Akatabasamu. “Nilijua. Wivu tu huo.”

Basi akaenda kumjibu yule mama kwamba mwalimu mwenyewe kapitisha, na kesho yake Vaimoana akaniwekea karatasi yake mezani: “Kama ni sawa, nirudishie alama zangu.” Sasa darasa zima linaandika bila “the”, na Jumamosi Peniamina anaandika maneno yaleyale ubavu wa pili, kwa herufi kubwa zaidi, ili mchungaji abariki gari Jumapili baada ya ibada. Nikimwambia nitamvunja moyo, nisipomwambia kanisa zima litamcheka. Nifanyeje?

Fuatino, Savaii

*

Fuatino mwanangu, nilicheka mpaka chai ikanimwagikia, halafu nikakasirika. Gazeti lisingewahi Jumapili, ndiyo maana nilikupigia simu Ijumaa, na wasomaji wasikie niliyokwambia.

Mwanamume anakupenda hadharani, kwa rangi isiyofutika, nawe unaogopa herufi tatu! Nakuelewa, hukutaka awe tena yule kijana aliyesimamishwa. Lakini fikiri vizuri: kilichomuumiza siku ile si kusahihishwa, ni kuchekwa bila mtu wa upande wake. Na wewe umemwacha azunguke kisiwa kizima akichekwa, ukijua. Huko ni kumlinda gani? Tena umempa ujasiri wa kubishana sokoni kwa jina lako. Aibu!

Nenda leo, tanuri likishapoa, mkiwa wawili tu. Anza na uongo wako, si kosa lake. Sema “nilikudanganya”, kisha nyamaza, akinuna mwache anune. Akiuliza hilo neno lina kazi gani, mfundishe kama unavyolipwa kufundisha: bila “the”, Mwingereza wa kizamani anaweza kuelewa kwamba wewe ni mzuri sana tu; likiwepo, hakuna wa kukufikia. Jumatatu uwaambie wanafunzi kwamba mwalimu wao alikosea, na alama za Vaimoana zibaki zilivyokatwa.

Jumamosi ukaniandikia kwa simu. Alinuna kweli, akaosha masinia yote. Kisha akauliza, “Kwa hiyo nimeandika wewe ni mmoja wa wazuri?”

“Mtu anaweza kuelewa hivyo.”

“Wazuri sana Savaii wako wengi, Fua. Mimi nilikusudia mmoja.” Akaenda kutafuta brashi.

Nikakujibu palepale: na wewe bado umekaa unaniandikia mimi? Mwanangu, weka simu chini, toka nje ukamshikie kopo la rangi.