Yule wa Karibu na Nguzo

Shoga, nimelia kwa fundi fremu. Mbele za wateja! Mtu mzima mimi, kamasi zinanitoka.

Ile picha yangu ya mfalme anavishwa taji, ile ya juu ya meza ya kulia, si kioo kilipasuka? Nikampelekea aitie fremu nyingine. Leo naifuata, naona taji, naona mfalme, naona wapiga tarumbeta wote. Namtafuta yule mwanamke wa pembeni, aliyesimama peke yake karibu na nguzo, yule uliyesema tumefanana.

HAYUPO.

Ati, “Dada, fremu ilikuwa ndogo, nikapunguza kidogo pembeni.”

Kidogo!

Nikamwambia, umenikatia mtu wangu. Akaiangalia picha, akaniangalia mimi. “Mfalme si huyo hapo, dada? Huyo wa pembeni hata hakuwa na kazi.”

Hata hakuwa na kazi, shoga. Hapo ndipo machozi yaliponishinda.

Maana tangu uhame, ndiye ninayekula naye. Usicheke. Nikirudi kazini namsalimia hata kabla sijavua viatu.

Masikini fundi wa watu akainama kupekua pipa la taka. Wapi, lilishamwagwa asubuhi.

Sasa nimeshaitundika, nimekaa mezani naitazama. Fremu imependeza, nisiseme uongo. Sherehe inaendelea vilevile. Umati wote ule, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kuuliza kaenda wapi.